Ala za Bastola na Udi wa Mama Mkwe

Mume wangu ana mwili wa kuziba mlango, na kazini kwake, kwenye jengo la ofisi kule Herndon, anashinda na bastola kiunoni. Ukimtazama utasema huyu haogopi kitu. Lakini mtajie mama yake tu, utamwona anavyotafuta pa kujificha. Hilo ndilo lililotuponza, na mimi sitamfichia mtu.

Mimi ni binti wa fundi makubadhi wa Tanga. Nimekulia chini ya meza ya baba nikiokota vipande vya ngozi, na msharasi wa kutobolea niliujua kabla ya kalamu. Hapa Virginia ufundi huo niliuweka kando. Nilikuwa natunza wazee katika nyumba ya wazee hapa Annandale, kazi ya kunyanyua watu wazito kuliko mimi huku wakiniita kwa majina ya mabinti zao. Mgongo ulikuwa umeanza kunisema.

Basi siku moja mume wangu akarudi na kiuno kimechubuka. Ile ala ya bastola waliyompa kazini ilikuwa ya nailoni, ina pembe kama kopo lililokatwa. Nikamwambia, mimi mtoto wa nani hata uchubuke? Nikatafuta ngozi nzuri ya ng'ombe, ile nene iliyolainishwa kwa magome, nikailoweka maji ya uvuguvugu, nikaikandika juu ya bastola bandia ya plastiki mpaka ikashika umbo lake, nikaikausha, nikaishona kwa uzi wa nta, nikaitia ukanda mdogo wenye kifungo juu. Alipoivaa akatembea sebuleni kama bwana harusi.

Walinzi wenzake wakaiona. Walinzi wa huku wengi ni ndugu zetu, na ndugu zetu hawajui kuagiza kitu kwa simu. Kila mmoja alitaka aje mwenyewe apimwe. Akija anapewa chai. Akipewa chai analeta habari za kwao. Mmoja, Mkongo mmoja mchangamfu sana, alikuja kupimwa ala saa nne asubuhi akaondoka baada ya chakula cha jioni, na kiuno chake nilikuwa sijakigusa bado kwa utepe.

Rafiki yangu, Mkenya, muuguzi pale pale kazini kwangu, ndiye aliyenizindua.

"Dada, hii ni ujinga, nakwambia ukweli," alisema. "Bastola si miguu. Wasee wote wanabeba aina tatu hizo hizo. Tengeneza ready-made, upeleke dukani, kila mtu ajichagulie aende. Utapikia watu chai mpaka lini?"

Alisema kweli. Nikachagua aina tatu za bastola, kila moja na ala ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto. Nikanunua cherehani ya ngozi iliyotumika, dude la chuma zito ambalo watu wanne walilipandisha ngazi wakilitukana. Tukaiweka pale ambapo meza ya chakula ilipaswa kuwa, tukawa tunakula mapajani. Kisha nikampata mwenye duka la silaha kule Fairfax, mzee wa Kimarekani mwenye masharubu meupe na maneno machache. Alizishika ala zangu, akazikunja, akavuta uzi kwa kucha, akakubali kuchukua thelathini kwa mali kauli: aziweke dukani mpaka mwisho wa mwezi, zikienda ataagiza nyingine na atakuwa mteja wa kudumu, zisipoenda nije nizichukue.

Na sisi nyumbani tulikuwa na makubaliano yetu. Ala zikirudi, cherehani inauzwa, meza ya chakula inarudi mahali pake, na mimi nachukua zamu ya pili kwa wale wazee, Jumamosi na Jumapili. Mume wangu aliyasema hayo kwa upole, lakini aliyasema. Sikulala vizuri mwezi ule. Mtu akishaonja kufanya kazi ya baba yake kwa mikono yake mwenyewe, kumrudisha kwenye kunyanyua watu ni kumwonea.

Katikati ya shughuli hiyo ndipo mama mkwe akapata viza.

"Mama asijue," mume wangu akasema.

"Asijue nini?"

"Kuhusu bastola. Nilimwambia nipo mapokezi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kweli, meza yake ya kazi iko pale pale mlangoni, na watu huwa anawapokea. Lakini mapokezi gani hayo ya kuvaa fulana ya kuzuia risasi? Akaniambia mama yake anachukia silaha, anazichukia toka zamani, na akijua mwanawe anatembea nayo atakataa kula chakula cha humu ndani.

"Baba yako alikuwa polisi," nikamkumbusha. "Mke wa polisi asijue ala ya bastola akiiona?"

"Baba alikuwa trafiki. Silaha yake ilikuwa filimbi."

"Na hizi zilizojaa sebuleni, nimwambie ni nini?"

Alifikiri. Nilimwona anavyofikiri, jasho linamtoka. "Mwambie ni mifuko ya miwani," akasema.

Basi mama mkwe akaja, mdogo wa umbo, mwembamba, macho yanazunguka kama ya mtu anayehesabu kuku. Sanduku lake moja lilikuwa na nguo. La pili lilikuwa na chetezo cha udongo, mkaa aliobeba kutoka Tanga kana kwamba Marekani haina kuni, na udi uliofungwa ndani ya soksi za marehemu mumewe. Nikamwamkia, akaniitikia, akavuta hewa ya sebule.

"Mkwe wangu, nyumba inanuka zizi."

"Ni ngozi, Mama. Nashona mifuko ya miwani."

Akainua moja, akaigeuza, akaingiza vidole vitatu ndani. "Watu wa huku wana miwani mikubwa," akasema, akairudisha.

Siku ya pili akaziona zile bastola bandia za plastiki ya buluu nilizokandikia ngozi. Mume wangu akaruka haraka akasema ni za kuchezea za mtoto wa jirani. Mama akazitazama, moja baada ya nyingine. "Mtoto gani huyu," akauliza, "mwenye bastola zote hizi, na hata moja haifyatui?" Mume wangu akakumbuka kwamba ameacha gari vibaya, akatoka.

Ijumaa ikafika. Kwetu, nguo za mwenye nyumba hazivaliwi Ijumaa bila kufukizwa, na mama mkwe hakuona sababu ya kuvunja desturi kwa kuwa tu amevuka bahari. Akawasha chetezo chumbani. King'ora cha moshi kikalia, majirani wa ghorofa nzima wakashuka na mablanketi na mbwa, gari la zimamoto likaja na taa zake zote. Wazimamoto wawili wakamkuta mama amekaa kitandani, shuka limetandwa juu ya kianikio cha nguo, moshi unapanda taratibu. Akawakaribisha. Mmoja akanusa akauliza ni manukato gani. Toka siku hiyo nikamhamishia roshani.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Uzinduzi wa ala zangu pale dukani Fairfax ulipangwa Jumamosi. Ijumaa yake nilikuwa kazini kutwa. Ala zote thelathini zilikuwa zimemalizika, ziko kwenye boksi. Niliporudi jioni nikalikuta boksi limefungwa vizuri, kila ala imezungushiwa karatasi laini, juu kumefungwa utepe. Nikamshukuru mama kwa kunifungia mzigo. Ilikuwa ni majira ya maua, wakati ambapo miti yote ya Virginia inamwaga unga wa manjano juu ya magari, na pua yangu huziba kabisa tangu majani yanapochipua mpaka joto lianze. Ungeniwekea pweza aliyeoza mezani nisingejua. Mume wangu naye alisikia harufu, lakini nyumba nzima ilikuwa inanuka udi, akadhani ni mama mwenyewe amepita.

Uzinduzi, kwa yule mzee wa duka, maana yake ilikuwa meza ndogo karibu na mlango na kikaratasi cha bei. Kwa watu wangu maana yake ni nyingine. Rafiki yangu Mkenya alikuwa ameunda kamati bila kuniuliza. "Launch bila keki ni launch gani?" aliniambia. "Nili-post kwa grupu, watu wameitikia." Wakaja wanawake zaidi ya kumi, vitenge sare, sambusa kwenye sinia, vigelegele kuanzia kwenye maegesho. Keki ilikuwa na umbo la ala ya bastola. Mpishi alikuwa ameichora kutoka kwenye picha ya simu, ikatoka kama soksi. Wateja waliokuja kununua risasi walisimama mlangoni wakiuliza nani anaolewa. Yule mzee alisimama nyuma ya kaunta na masharubu yake, akapewa kisu akate keki, akakata.

"Kuna harufu ya kanisa humu," akaniambia pembeni.

Nikadhani anasema sambusa. Nikamwongeza mbili.

Mama hakuwepo, bila shaka. Mume wangu alikuwa amempeleka mjini Washington akaone makumbusho na zile nyumba nyeupe za nguzo. Alirudi miguu imevimba na hakuvutiwa. "Nyumba kubwa vile," alisema, "na aliyemo ndani ni sanamu moja tu, imekaa." Kisha akaniuliza kama miwani imepata mifuko. Nikamwambia imepata, Mama, watu wamefurahi. Na kweli siku ile ala kadhaa zilinunuliwa, nikarudi nyumbani nikiisugua ile cherehani kwa kitambaa kama mtu anavyomsugua ng'ombe wa maziwa.

Wiki ya pili simu ikalia. Yule mzee.

"Njoo dukani," akasema. "Na uje na maelezo."

Sauti yake haikunipendeza. Nikavaa haraka, nikashuka ngazi, nikamkuta mama mkwe ameshakaa ndani ya gari, baibui tayari, mkanda ameufunga.

"Nimesikia unaitwa dukani," akasema. "Twende nikamwamkie mwenye duka la miwani. Si vizuri, mtu anafanya biashara na mkwe wangu siku zote hizi na mimi sijamjulia hali."

Jamani, mtu akishafunga mkanda utamtoaje? Njia nzima mpaka Fairfax nilikuwa natunga uongo. Nilipofika nikamwambia, Mama, wewe subiri hapa kidogo. Akaniuliza kama nataka afe na jua la watu. Akashuka.

Ukuta wote wa duka lile ni bunduki. Za kulala, za kusimama, ndefu, fupi, na ndani ya kabati la kioo bastola zimepangwa kama samaki wa mnadani. Mama mkwe akasimama katikati, mkoba mkononi, akauzungusha uso wake taratibu kutoka ukuta huu mpaka ule.

"Miwani ni mingi," akasema.

Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Na bado hata kaunta sikuwa nimeifikia.

Kwenye kaunta kulikuwa na mwanamke wa Kimarekani wa makamo, nywele za kijivu, mikono ameikunja kifuani. Mbele yake ilikuwa imelazwa ala yangu moja, ya mkono wa kushoto, mshono nilioutambua kama uso wa mwanangu. Yule mzee akavuta pumzi akanieleza. Mumewe mama huyu aliinunua siku ya uzinduzi. Toka siku hiyo kila akirudi nyumbani ananuka manukato. Shati, suruali, kiti cha gari. Si manukato ya dukani, mke anayajua ya dukani yote. Ni manukato ya chumbani kwa mtu. Mume ameapa ni ala. Mke amesema ala ya bastola hainuki hivyo tangu dunia iumbwe, na amekuja mwenyewe kuuliza.

"Nataka kumjua mwanamke huyo ni nani," mama yule akaniambia. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikaichukua ile ala nikaileta puani. Siku zile mvua ilikuwa imenyesha, pua ikafunguka kidogo. Yarabi! Ilikuwa ni udi. Udi wa Ijumaa, udi wa biharusi, udi ule ule wa soksi za marehemu. Na yule mzee akaendelea kunimwagia mengine. Mteja mmoja, mbwa wake hamkaribii tena. Mwingine ni mwindaji, amelalamika kwamba paa walimnusa kabla hajafungua mlango wa gari. Tatu zimerudishwa. Ngozi nzuri, akasema, mshono sijaona mfano wake, lakini siwezi kuuza kitu kinachovunja nyumba za watu. Nikaiona cherehani inashuka ngazi. Nikajiona Jumapili nanyanyua mzee wa kilo mia.

"Anasemaje?" mama mkwe akaniuliza.

Nilikuwa na hasira, nikamtafsiria yote bila kupunguza, pamoja na mbwa na paa. Nilipofika kwa mwanamke anayetafutwa, akanishika mkono.

"Mwambie ni mimi," akasema.

"Mama..."

"Mwambie. Mwanamke mwenyewe ni mimi. Nimetoka Tanga."

Nikamwambia. Yule mama wa Kimarekani akamtazama bibi mwenye baibui, urefu wake haufiki mabega ya mtu, na mikono yake ikakunjuka yenyewe. Yule mzee akageukia ukutani, nikaona mgongo wake unatikisika.

Kisha mama mkwe akaweka mkoba wake juu ya kile kioo cha bastola, akaanza kuzungumza, na mimi nikawa natafsiri nikijua kidogo kidogo kwamba waongo wenyewe, mimi na mume wangu, ndio pekee tuliodanganyika katika habari hii.

Alisema mumewe hakuzaliwa trafiki. Miaka ya kwanza alikuwa na bastola. Yeye, mke, alikuwa na umri mdogo na alikuwa akiichukia ile silaha, lakini kuichukia kutakusaidia nini, na kila asubuhi inaondoka na mumeo? Basi kila Ijumaa alikuwa akifukiza nguo za mumewe, na ala ya bastola akaitia humo humo, ikaiva udi kuliko hata kanzu. Mumewe alilalamika kwamba wenzake wanamcheka. Akamwambia waache wacheke.

"Mkono ukienda kiunoni," mama alisema, "udi unapanda puani. Nilitaka kabla hajaitoa anuse kwanza chumbani kwake. Akumbuke kuna mtu amekaa anamngoja. Na yule aliye mbele yake naye ana chumba chake, naye anangojwa."

Siku moja sokoni mumewe akamkimbiza kijana mwizi, kijana akageuka, mkono wa mume ukaenda. Akanusa. Akaiacha pale pale ilipo, akamkamata yule kijana kwa mikono, akarudi nyumbani na jino limevunjika na bastola haijatoka. Mwezi uliofuata akaomba uhamisho wa trafiki. Ndiyo habari ya filimbi.

"Mwanangu anadhani sijui yuko mapokezi gani," akamalizia. "Nimefua suruali zake. Nimeona mkanda ulipolika. Nimezifukiza hizi zote ili zisitoke nyumbani kwangu hivi hivi, kwa sababu sitaweza kwenda kukaa na mke wa kila mmoja. Sasa mwambie huyu mwanamke, kama hataki harufu, aianike juani siku tatu, itatoka."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mama akaiokota ala yake kutoka kaunta. Akainusa tena, safari hii macho kafumba.

"Ikiisha," akauliza, "mtu anaweza kuirudisha itiwe tena?"

Akaondoka nayo. Yule mzee akabaki anafuta macho na masharubu. Lakini mzee ni mfanyabiashara, na biashara haina mashangazi. Aliniambia nizichukue zilizobaki nizianike, nizilete upya, na tutaona mwisho wa mwezi. "Ngozi inuke ngozi," akasema. "Nikinusa kanisa tena, tumemalizana."

Jioni ile mume wangu aliingia, akamkuta mama yake amekaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

"Karibu, wa mapokezi," mama akamwambia.

Akanitazama mimi. Nikatazama dari. Alikaa chini polepole, mwili ule wote, akasubiri mvua ya maneno. Haikunyesha. Mama alimwambia tu, "La kuvunda halina ubani, mwanangu," akamwekea chakula. Alipomaliza kula akamsimulia habari ya sokoni na ile ala ya baba yake. Mume wangu alisikiliza huku akitazama simu. Alisema, "Sawa, Mama, nimekusikia," ile sauti ya kumridhisha mtu mzima.

Roshani yangu ikajaa ala zinazoanikwa kama papa. Nilizisugua, nikazipepea, nikazirudisha Fairfax zinanuka ng'ombe. Zikaenda. Mwisho wa mwezi yule mzee akaagiza nyingine, mara mbili ya zile za kwanza, kwa sharti lile lile la kanisa. Siku hiyo nilimpigia rafiki yangu Mkenya akapiga kelele mpaka simu ikakwaruza. Cherehani ikabaki mahali pake, na tukaendelea kula mapajani.

Mama mkwe aliondoka viza ilipoisha. Uwanja wa ndege, nilidhani atanikabidhi mimi chetezo, kwa kuwa mimi ndiye mwanamke wa nyumba. Hapana. Alimtilia mwanawe soksi ya udi kwenye mfuko wa koti, chetezo akampa mkononi mbele za watu. Mume wangu alikibeba mpaka garini kwa mbali, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe. Nyumbani akakiweka juu ya kabati. Kikakaa huko, na ala yake ya kazini ikabaki kunuka ngozi tu.

Mzigo mpya ulimalizika katikati ya joto. Ala zote zilikuwa zimetundikwa sebuleni, kesho yake zipelekwe Fairfax. Nilikuwa chumbani nikikunja nguo, na pua yangu, maua yakiwa yamekwisha, ilikuwa imerudi kazini. Nikanusa.

Nilitoka mbio. Mume wangu alikuwa jikoni na sare zake za kazi, amefunika king'ora cha moshi kwa kofia yangu ya kuogea, ameweka mkaa juu ya jiko la umeme. Chetezo kiko juu ya kaunta ya jikoni, kinafuka.

"Wewe mwanamume una wazimu?" nikamwambia. "Mzigo wa kesho uko hapo! Ukinuka tu tumekwisha! Cherehani itauzwa na wewe utanibebea wale wazee mgongoni, Jumamosi wewe, Jumapili wewe!" Nikampa na mengine ya Tanga ambayo hayaandikiki.

Alinisubiri nimalize. Ala yake ilikuwa pale kwenye kaunta, tupu, pembeni ya chetezo.

"Leo kuna mtu alirudi pale kazini," akasema. "Wamemfukuza wiki iliyopita. Akawa anapiga meza yangu, anapiga kelele. Mara akaingiza mkono ndani ya koti."

Nikaegemea mlango.

"Akatoa leso," akasema. "Alikuwa analia."

"Na wewe?"

"Kifungo nilikuwa nimeshakifungua." Aliutazama mkono wake wa kulia. "Nilinusa ngozi tu."

Nikaingia sebuleni, nikazitungua ala zote za mzigo, nikazishusha garini, nikafunga vioo vyote. Niliporudi nikakuta amerundika udi juu ya mkaa kama anayechoma takataka. Nikampunguzia, nikabakisha kipande kimoja, nikamwambia asipulize. Kisha nikaleta shuka. Akashika ncha zake na mimi nikashika zangu, tukaifunika ala, tukasimama pale jikoni tukisubiri ikolee.